Kabla Hamjalichoma, Lisomeni: Barua ya Wazi ya Matroni wa Bweni, Moshi

Kwa Kamishna wa Elimu, kwa Mkurugenzi Mkuu wa Taasisi ya Elimu Tanzania, kwa maofisa elimu wa mikoa ya Kilimanjaro na Arusha, na kwa ninyi wakuu wa shule za bweni, kuanzia Rombo hadi Monduli.

Waheshimiwa,

Kwenye jalada iliandikwa KEMIA, kwa herufi kubwa za peni ya bluu, na chini yake kidato cha tatu. Lilikuwa kaunta buku la kwaya tatu, pembe zimejikunja, jalada limeshika mafuta ya mikono mingi. Kurasa nne za mwanzo zilikuwa kemia kweli: jedwali la elementi, milinganyo miwili, mchoro wa chupa ya maabara. Kuanzia ukurasa wa tano ilikuwa riwaya.

Nililikuta chini ya godoro Jumamosi moja asubuhi wakati wa ukaguzi wa bweni. Sikulikuta kwa mwandishi wake. Nililikuta kitanda cha nne kutoka kwake, maana lilikuwa linazunguka. Mabinti wa bweni zima walikuwa wakilisoma kwa zamu, wenye tochi wakiwasomea wasio nazo.

Naomba niwasimulie kilichoandikwa humo, kwa sababu wakubwa waliolihukumu hawakulisoma. Msichana mgeni anafika Januari kwenye shule ya mlimani. Bweni limejaa hadi wengine wanalala wawili wawili, lakini kitanda cha chini kilicho kando ya mlango hakilaliwi na mtu. Usiku, taa zikishazimwa, mlango unagongwa mara tatu. Hakuna anayeamka na asubuhi hakuna anayelitaja. Mgeni na rafiki yake, mmoja mwoga na mwingine mbishi, wanaanza kuchunguza. Wanamwaga unga wa sembe kizingitini waone nyayo. Wanamdodosa mpishi mzee huku wakimsaidia kuchambua maharage. Wanaingia stoo ya matranka, wanakuta daftari la zamani la mahudhurio lenye jina moja lililokatwa kwa wino mwekundu. Halafu, sura ya tisa, wanagundua jambo lililonisimamisha nywele mimi mtu mzima niliyekuwa nimelisoma nimekaa kitandani kwangu na tochi. Anayegonga hayuko nje. Yuko ndani. Anagonga ili afunguliwe atoke.

Sura ya kumi ilikuwa bado haijaandikwa.

Asubuhi yake nililipeleka ofisini. Ndivyo nilivyofundishwa kazi: ukikuta simu, peleka, ukikuta barua ya mvulana, peleka. Jumatatu yule binti aliitwa mbele mstarini, akaambiwa amevuruga amani ya shule na analeta mapepo. Likachanwa vipande viwili mbele ya wenzake, likachomwa kwenye shimo la taka nyuma ya jiko. Kaunta buku nene halishiki moto haraka. Mlinzi alilichochea kwa fimbo, na kila kurasa zilipofunuka niliuona ule mwandiko wake mdogo uliolalia kushoto. Yeye alisimama mikono nyuma, machozi yanashuka bila sauti. Kisha tukaenda kunywa uji.

Shule ile siitaji, wala mkuu wake simtaji. Ningeweza kuwa nimeajiriwa shule yoyote na ingekuwa vilevile.

Siku kumi baadaye nilikuwa nafunga bweni, saa nne na nusu usiku kama kawaida. Nilizungusha ufunguo, nikauvaa shingoni. Ndani mtoto mmoja akakohoa, mwingine akamwambia anyamaze alale. Mkono wangu ulikuwa bado kwenye kufuli. Nikakumbuka sura ya tisa. Waheshimiwa, bweni lile nilikuwa nikilifunga kwa nje. Ufunguo ulikuwa mmoja tu, uko shingoni mwangu, na mimi nilikuwa nalala chumba cha ng'ambo ya uwanja. Tulifanya hivyo kwa nia njema, ili wezi wasiingie na mabinti wasitoroke. Mtoto alikuwa ametuambia kwa kurasa sabini na moja kwamba usiku analala akiwaza mlango ule, na sisi tukazichoma.

Sisi wa Kilimanjaro hatuhitaji kuelezwa maana ya bweni kuwaka. Juni 1994, bweni la wasichana wa sekondari ya Shauritanga, Rombo, liliungua usiku na mabinti zaidi ya 40 wakapoteza maisha. Mkoa mzima uliingia kilioni. Nilikuwa msichana wakati ule, nakumbuka mama yangu hakuwasha redio kwa siku kadhaa. Watoto wanaolala bweni leo hawakuwa wamezaliwa, lakini wanalijua. Wamelipata kwa dada zao, kwa wapishi, kwa minong'ono baada ya taa kuzimwa. Mtu mzima akikaa kimya juu ya jambo zito, mtoto huligeuza mzuka ili apate namna ya kulitaja.

Nilikwenda ofisini kesho yake, safari hii bila daftari. Nilieleza kuhusu mlango. Sikubishiwa. Fundi aliitwa, akahamishia komeo ndani, akaning'iniza na ufunguo wa akiba kwenye msumari karibu na kitanda cha kiranja. Kazi ya nusu saa.

Sasa nirudi nyuma kidogo, maana yule mwandishi nilikuwa nimemjua tangu Julai ya mwaka uleule.

Mnaijua Julai ya huku juu. Ukungu unashuka hadi huoni bwalo ukiwa mlangoni mwa bweni, na baridi inaingia kwenye mifupa. Saa nane za usiku nikasikia bweni zima linapiga kelele. Nilipofungua mlango niliwakuta wamerundikana kitanda kimoja, wawili wameshaanguka chini, mmoja anatetemeka na kusema kuna mtu ananyongwa nje. Nikanyamaza nisikilize. Kweli, kulikuwa na sauti. Ilianza kama mlango wenye bawaba za kutu unaofunguliwa polepole, halafu ikapanda, ikapanda, mpaka ikawa ukelele wa mtu anayekata roho. Ikanyamaza. Ikaanza tena.

Ningeweza kukemea. Ningeweza kumwita mchungaji, na siku nyingine nimewahi kumwita. Usiku ule sijui niliongozwa na nini. Nilisema, atakayethubutu avae kanga twende. Wakatoka sita. Tukasimama chini ya mparachichi nyuma ya mabafu, nikampa tochi binti aliyekuwa karibu nami. Akamulika juu, mkono unacheza. Macho mawili yakawaka kwenye matawi. Mnyama wa manyoya ya kahawia, mkubwa kama sungura, asiye na mkia, ametulia anatutazama. Perere. Kesho yake mwalimu wa bailojia aliwaeleza kwamba ukoo wa perere ni ndugu wa karibu wa tembo, na darasa likacheka hadi likagonga madawati.

Binti aliyeshika tochi aliniambia tukirudi: "Matroni, kumbe ukienda na tochi kinakuwa mnyama." Ndiye huyo aliyekuja kuandika.

Ndiyo maana nawaandikia. Naomba riwaya ya mabweni, ile yenye mzuka na fumbo la kufumbua, iruhusiwe kuishi kwenye shule zetu: isomwe, iandikwe, na ichapishwe kwa Kiswahili.

Najua hofu yenu ya kwanza. Mtasema mabinti huanguka kwa kupandwa mapepo, na kitabu cha mizuka kitawaangusha zaidi. Hofu hiyo siidharau. Nimewabeba mgongoni walioanguka, nimekesha nao, nimemwona mzazi Mkristo na mzazi Mwislamu wakiomba pamoja kwenye veranda ya bweni kila mmoja kwa dini yake. Lakini tazameni lililotokea Kashasha, karibu na Bukoba. Tarehe 30 Januari 1962, Tanganyika ikiwa haijatimiza hata miezi miwili ya Uhuru, wasichana watatu wa shule ya bweni walianza kucheka wakashindwa kujizuia. Hadi shule inafungwa tarehe 18 Machi, wanafunzi 95 kati ya 159 walikuwa wamepatwa. Walicheka, wakalia, wakahangaika. Kuna waliotulia baada ya saa chache na kuna waliokaa hivyo hadi siku 16. Walimu hawakuguswa hata mmoja. Waliporudishwa makwao, hali ikaenda nao vijijini. Madaktari waliochunguza hawakupata sumu wala ugonjwa wa kuambukiza. Waliona ni msukosuko wa nafsi unaoruka kutoka kwa mmoja kwenda kwa mwingine.

Kashasha hakukuwa na riwaya ya mzuka. Kulikuwa na watoto waliofungiwa pamoja, wenye jambo moyoni na wasio na pa kulisemea. Na mimi kwa miaka 22 sikuwahi kuona mabinti wakianguka wiki ya kufunga shule. Walianguka wiki ya mtihani wa moko. Walianguka baada ya mwenzao kurudishwa nyumbani kwa ada. Walianguka walipotangaziwa kwamba mwenzao amefariki likizoni, kisha kengele ikapigwa waingie darasani.

Mambo hayo yanakaa vizuri ndani ya riwaya, tena riwaya ya bweni kuliko nyingine zote. Nyumbani ukisikia mlio usiku unamwamsha mama, kisa kinaishia hapo. Bwenini mama hayupo. Lango limefungwa, kengele ndiyo inayotawala, usiku ni mrefu, na kila kitanda kilishawahi kulaliwa na mtu mwingine kabla yako aliyechonga jina lake ubaoni. Mwandishi hahitaji kubuni gereza wala jumba la kale. Mtoto wa miaka 15 anayeambiwa "hilo halikuhusu" asubuhi hadi jioni anapewa kisa ambacho ndani yake kila kitu kinamhusu, na yeye ndiye anayeuliza maswali. Humo anajifunza kutofautisha ushahidi na uvumi. Anajifunza kwamba shahidi mwoga si shahidi mwongo, na kwamba jina lililokatwa lina mwenyewe.

Na msiniambie jambo hili ni la kizungu. Ni kweli kwamba kwenye maboksi ya vitabu vya msaada kutoka Marekani na Uingereza riwaya hizi zimejaa, na mabinti wanazigombania hadi zinabaki bila majalada. Korido ya mawe, theluji dirishani, mwanafunzi aliyekufa miaka mingi nyuma, msichana anayekataa kunyamaza. Wanazisoma kwa kamusi na bado wanazimaliza kwa siku mbili, watoto haohao tunaolalamika hawasomi. Lakini riwaya ya upelelezi ya Kiswahili ilizaliwa mzimuni. Mwaka 1960 Mohamed Said Abdulla wa Zanzibar alitoa Mzimu wa Watu wa Kale. Maiti inakutwa kwenye mzimu, mahali pa kutambikia, watu wanatetemeka, na Bwana Msa na kiko chake anaanza kutafuta mkono wa binadamu nyuma ya kitisho. Babu zetu wa fasihi walishatuonyesha njia. Hakuna aliyewachomea.

Mwandishi wa huku kwetu angekuwa na mali nyingi mno. Ana mahandaki ya Wachagga kule Marangu, ambamo watu na mifugo walijificha wakati wa vita. Ana sale, jani la kuombea msamaha, lililopandwa pia penye makaburi ya wazee ndani ya kihamba, shamba la ukoo, katikati ya migomba. Ana vilele vya Kibo na Mawenzi, ndugu wawili, mmoja akienda kila mara kuomba moto kwa mwenzake hadi akapigwa mchi akabaki na kichwa kilichochongoka. Ana ukungu wa Julai na perere. Binti wa Same au wa Karatu akikisoma kisa hicho hatahitaji kamusi ili aogope.

Siombi kila uchafu upite, na hapa nitakuwa mkali kuliko ninyi. Zipo hadithi za kutisha zinazomalizikia kwa kumnyooshea kidole bibi kizee mwenye macho mekundu. Nchi hii imewazika vikongwe waliouawa kwa sababu ya macho mekundu, na wekundu wenyewe ulikuwa wa moshi wa kupikia, miaka hamsini wakipulizia kuni na kinyesi cha ng'ombe. Imewazika watu wenye ualbino kwa ajili ya hadithi za waganga. Kitabu kinachomwacha mtoto akiamini hayo, kinyimeni ithibati, na mimi nitawapigia makofi. Lakini kipimo kiwe hicho: kisa kinamfikisha wapi msomaji? Neno "mzuka" kuwepo kwenye jalada si kosa.

Taasisi ya Elimu, ninyi ndio wenye kalamu hiyo. Mnaposimamia vitabu vya ziada, ombi langu ni kwamba wasomaji wenu wasiishie ukurasa ambao mlango unagongwa. Wafike mwisho waone nani alikuwa anagonga. Na ninyi ndio mnaoendesha Tuzo ya Taifa ya Mwalimu Nyerere ya Uandishi Bunifu, iliyoanza kutolewa 2023, jambo ambalo lilinifurahisha kupita kiasi. Ningependa kuona humo nafasi ya riwaya ya msomaji wa kidato cha kwanza hadi cha sita, ambaye ameshavuka hadithi za sungura na fisi na hajafika kwenye riwaya za ndoa na siasa. Kuanzia 2008 kulikuwa na Tuzo ya Burt, iliyotuletea riwaya nzuri za vijana kutoka kwa waandishi wa Tanzania. Zilikuwa za Kiingereza. Mtoto anayesoma fizikia kwa Kiingereza mchana kutwa anastahili kuogopa, kucheka na kufumbua fumbo kwa lugha anayoiota.

Wakuu wa shule, ndugu zangu, kwenu nina la karibu zaidi. Mkikuta daftari chini ya godoro, lisomeni. Lote. Usiku, mkiwa peke yenu, kama nilivyofanya, ila asubuhi msifanye nilichofanya. Mwiteni mwenye mwandiko mumkalishe kitini. Mwulizeni bweni hilo la kwenye kisa liko wapi, kitanda kile ni cha nani, kwa nini mpishi anajua na mwalimu hajui. Mara nyingi mtakuta ni kisa tu na mtoto ana kipaji, mtampongeza yaishe. Mara mojamoja mtakuta kufuli. Mtakuta mtu anayeingia asikotakiwa kuingia, au mgonjwa anayeambiwa anadeka. Mkaguzi anakuja kwa mwaka mara moja na mnapaka rangi kabla hajafika. Mwandishi wa kidato cha tatu analala humo kila siku.

Wapeni na pa kuandikia. Klabu ya uandishi haihitaji bajeti: darasa moja, Jumamosi saa kumi jioni, na mtu mzima mmoja asiyecheka wala kukemea. Matroni anaweza kuwa mtu huyo. Mnatuona ni watu wa kuhesabu shuka na kugawa pedi, na kweli tunahesabu na tunagawa, lakini sisi ndio tunaosikia wanachosema usingizini.

Yule binti alimaliza kidato cha nne pale pale. Hakuandika tena, au kama aliandika basi alijifunza kuficha kunizidi. Siku ya kuondoka nilimsaidia kubeba tranka hadi getini, Noah ya Moshi mjini ikiwa imewasha injini. Nikamwomba radhi. Nilichelewa mwaka mzima na ushei, lakini nilimwomba. Akaniambia, "Yameisha, Mama." Alikuwa hajawahi kuniita Mama. Nikamwuliza sura ya kumi ilikuwa iseme nini. Akatazama mlima kidogo, siku hiyo Kibo ilikuwa wazi, akasema ameisahau.

Hakuwa ameisahau, waheshimiwa. Nilimwona usoni. Ilikuwa bado imo, na mimi sikuwa tena mtu wa kuambiwa.

Nimenunua kaunta buku tatu za kwaya tatu pale soko la Mbuyuni. Mkuu wa kwanza wa shule ya bweni Moshi au Arusha atakayekubali klabu hiyo, nitampelekea mwenyewe, na nitakuja kukaa nao kila Jumamosi kwa nauli yangu.

Wenu katika kazi,
Matroni mstaafu, Moshi